Kamati ya MIT, 1994–1999: nani aliitaka, nani aliipa meno

Ripoti za kamati za vyuo vikuu hazina wasomaji wengi. Barua ya uteuzi inatoka, wajumbe wanakaa, chai inaletwa, karatasi ya posho inazungushwa mezani, na baada ya miezi kadhaa nakala chache zenye jalada gumu zinaingia kwenye kabati la utawala. Mwenye shida iliyosababisha kamati kuundwa ameshahitimu au ameshastaafu. Ndiyo maana kisa cha kamati iliyochunguza hali ya walimu wa kike katika Kitivo cha Sayansi cha MIT, ile Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts nchini Marekani, kinafaa kusomwa taratibu na yeyote aliyewahi kubebeshwa ukatibu wa kamati. Ripoti yake ilitoka Machi 1999 katika jarida la ndani la wahadhiri, la aina ambayo nje ya geti la chuo hakuna anayeifuatilia. Ndani ya siku chache ikawa ukurasa wa kwanza wa Boston Globe na New York Times. Aprili, mwenyekiti wa kwanza wa kamati hiyo, Nancy Hopkins, alikuwa mgeni Ikulu ya Marekani.

Wengi wanazikumbuka kelele za magazeti. Mimi naona hizo ndizo zenye uzito mdogo kuliko yote. Kazi ilifanyika kati ya 1994 na 1998, ripoti ikiwa siri, na ilifanyika kwa sababu mtu mwenye mamlaka juu ya mishahara, nafasi za maabara na ajira alikubali kusikiliza kabla wino haujakauka. Upande wa pili wa jambo hilohilo utaonekana mwishoni: alipoondoka yeye, mambo yalipoa.

Samaki na futi 200 za mraba

Hopkins aliajiriwa MIT mwaka 1973, katika kituo cha utafiti wa saratani, na kwa miaka mingi alichunguza virusi vinavyosababisha saratani kwa panya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliamua kubadili mwelekeo. Alikwenda Tübingen, Ujerumani, kwenye maabara ya Christiane Nüsslein-Volhard, akajifunza kazi ya samaki wadogo wa mistari wanaotumika kuchunguza jinsi kiinitete kinavyojengeka. Samaki wanataka matangi, matangi yanataka nafasi. Akaomba aongezewe futi 200 za mraba, yaani kama mita za mraba 18 na nusu. Akanyimwa.

Alipodai kwamba tayari ana nafasi ndogo kuliko wenzake, aliambiwa hilo si kweli. Basi akachukua tepu ya kupimia. Hebu tupate picha kamili: profesa mwenye ajira ya kudumu, mwenye miaka karibu 20 kazini, anapita usiku korido kwa korido, anainama, anapima ukuta hadi ukuta, maabara, ofisi, vyumba vya vifaa, anaandika. Alipojumlisha, yeye alikuwa na futi za mraba 1,500. Wanaume wa ngazi ya chini yake walikuwa na kama 2,000. Wanaume wa ngazi yake walikuwa na 3,000 au zaidi.

Msomaji asiyefanya kazi maabara anaweza kudhani huu ni ugomvi wa ofisi, kama ule wa nani ana kiyoyozi na nani ana feni. Katika sayansi za majaribio nafasi ni mtaji. Usipokuwa na meza za kutosha huwezi kuchukua wanafunzi wa uzamivu, usipokuwa na wanafunzi hao matokeo yanachelewa, matokeo yakichelewa ruzuku ya utafiti inakwenda kwa mwingine, na mwaka unaofuata mkuu wa idara anakuambia kwamba nafasi wanapewa wenye ruzuku. Mduara unajifunga wenyewe, bila mtu yeyote kukaa chini na kupanga ubaya. Kwa hiyo ile tepu ilipima zaidi ya sakafu. Na hata baada ya kuwa na namba zake mkononi, Hopkins hakusikilizwa mara moja.

Mwaka 1994 likaongezeka jingine. Kozi ya biolojia aliyokuwa ameshiriki kuijenga kwa miaka iliondolewa mikononi mwake. Hapo akaandika barua ya kumpelekea rais wa MIT, Charles Vest.

Barua iliyopata sahihi ya pili

Kabla ya kuituma aliona aibu. Katika mazingira yale, mwanasayansi wa kike aliyelalamika alionekana mtu asiyeweza ushindani, anayetafuta kisingizio. Akamwonyesha rasimu mwenzake wa biolojia, Mary-Lou Pardue, wakiwa kwenye chakula cha mchana. Pardue alikuwa mtu anayeheshimika sana katika fani, na Hopkins alihofia kudharauliwa naye. Pardue aliisoma hadi mwisho, kisha akasema angependa kuisaini naye.

Kutoka hapo wakafanya jambo jepesi ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: walichukua orodha ya walimu wa kitivo na kuhesabu. Kitivo cha Sayansi kilikuwa na idara sita. Walimu wa kike wenye ajira ya kudumu, yaani wasioweza kuondolewa pasipo sababu nzito, walikuwa 15. Wanaume wa daraja hilo walikuwa zaidi ya 190. Wakiongeza wawili wa Uhandisi waliokuwa karibu na kazi za Sayansi, wanawake wakafika 17. Wakawaendea mmoja mmoja. Waliokubali ni 16.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, na ningependa tukae kidogo. Wanawake hawa walifanya kazi taasisi moja kwa miaka, wengine kwa miongo, lakini walikuwa wametawanyika katika majengo na idara mbalimbali, wawili hapa, mmoja pale. Kila mmoja alikuwa na yake, na kila la kwake lilikuwa na maelezo. Huyu alinyimwa nafasi kwa sababu jengo limejaa. Yule hakuwekwa kwenye kamati ya ajira kwa sababu ana shughuli nyingi. Mwingine mshahara wake ulibaki nyuma kwa sababu hakuleta barua ya kuitwa kazini na chuo kingine. Ukimsikiliza mmoja, maelezo yanatosha, tena yanatolewa kwa upole. Ukiwasikiliza 16 kwa mpigo, maelezo yote hayo mazuri yanaanza kufanana mno. Hakuna dodoso ambalo lingeonyesha hivyo. Dodoso linaulizia kuridhika, na watu hawa, kama wangeulizwa mmoja mmoja kwenye fomu, pengine wangejibu kwamba wana matatizo madogo ya kibinafsi na mkuu wao wa idara.

Mvutano wa kuunda kamati

Mkuu wa Kitivo cha Sayansi wakati huo alikuwa Robert Birgeneau, mwanafizikia kutoka Kanada. Kiangazi cha 1994 wanawake walimwendea na pendekezo lao: hawakuomba fidia, hawakumtaja mtu wa kuadhibiwa, waliomba iundwe kamati ya kuchunguza hali yao na kumshauri yeye. Walipomaliza kueleza, mmoja baada ya mwingine, hakuhitaji kushawishiwa zaidi. Baadhi ya wakuu wa idara hawakufurahia, na mazungumzo yakachukua miezi. Kamati ilianza kazi mwaka 1995, Hopkins akiwa mwenyekiti.

Wajumbe walikuwa wanawake waandamizi kutoka idara za kitivo, na wanaume watatu. Wanaume hao hawakuchaguliwa ili picha ya pamoja ipendeze. Walikuwa wazito wenye uzoefu wa uongozi wa idara. Mmoja wao ni Jerome Friedman, aliyeshiriki Nobel ya Fizikia ya 1990 na ambaye alishakuwa mkuu wa Idara ya Fizikia. Nauona uamuzi huo kuwa wa maana kuliko unavyotajwa. Mtu aliyewahi kugawa mishahara na vyumba anajua mahali namba zinapofichwa. Hawezi kuambiwa "mambo haya huyaelewi," kwa kuwa aliyafanya mwenyewe. Na akirudi idarani akasema kwamba mgawanyo haukuwa sawa, si rahisi kumwita mwanaharakati.

Hadidu za rejea zilikuwa za vitu vinavyohesabika kadiri ilivyowezekana: ukubwa wa maabara, mishahara, sehemu ya mshahara ambayo mtu alipaswa kuitafuta mwenyewe kwenye ruzuku, mzigo wa kufundisha, tuzo, ujumbe katika kamati zenye nguvu. Juu ya hayo waliwahoji wanawake wenyewe na wakuu wa idara. Kwa mambo ya siri kama mishahara, mwenye funguo alikuwa mkuu wa kitivo. Kamati isiyo na mtu wa kuifungulia faili inaishia kuandika kwamba "kuna hisia miongoni mwa wafanyakazi," na hisia ni rahisi kuzijibu kwa barua ya shukrani.

Walichokuta

Mwaka 1994 kitivo kilikuwa na walimu wanawake 22 na wanaume 252. Wanawake walikuwa asilimia 8, na kiwango hicho hakikuwa kimesogea kwa angalau miaka 10. Wakati huohuo, katika idara tatu kati ya sita wanafunzi wa kike wa shahada ya kwanza walikuwa wengi kuliko wa kiume. Kwa hiyo ile hoja ya kwamba tusubiri tu, wasichana wanakuja, ilikuwa imeshapitwa. Wasichana walikuwa wamekuja, na walikuwa wakipotea njiani kati ya shahada ya kwanza na ualimu.

Hiyo ni hesabu ambayo ofisi yoyote ya takwimu ingeitoa. Jipya lilitoka kwenye mahojiano. Wanawake wa ngazi za chini, wale wageni kazini, walisema wako salama: idara zinawaunga mkono, na wengi wao hawakuamini kwamba jinsia ingeathiri kazi zao. Wasiwasi wao mkubwa ulikuwa jinsi ya kulea watoto na kupata ajira ya kudumu kwa wakati mmoja. Wanawake waandamizi walisema mengine kabisa. Walijiona wamewekwa pembeni, hawaulizwi mambo yanapoamuliwa, hawamo katika vikao vya kugawa rasilimali. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuongoza idara katika kitivo hicho.

Kamati ingeweza kusoma tofauti hiyo kwa urahisi: wazee walipata shida za zamani, vijana wako huru, basi tatizo limeisha. Haikuishia hapo. Iligundua kwamba waandamizi haohao, walipokuwa wageni, nao waliamini kwamba ubaguzi ulimalizwa na kizazi kilichowatangulia. Kadiri walivyopanda ndivyo walivyosukumwa pembeni. Huo ndio ugunduzi ninaouheshimu zaidi katika ripoti nzima, kwa sababu unageuza maana ya jibu la "sina tatizo." Mhadhiri msaidizi hashindani na mtu, anasaidiwa. Siku anapotaka sehemu ya fungu, nafasi na kauli, ndipo anapokutana na ukuta.

Kuhusu rasilimali, walikuta tofauti katika mishahara, nafasi, tuzo na namna idara zilivyoitikia pale profesa alipopata mwaliko wa kazi kwingine. Hili la mwisho linahitaji maelezo. Katika vyuo vikubwa vya Marekani njia ya kawaida ya kupandishiwa mshahara ni kuleta barua ya chuo kingine kinachokutaka; chuo chako kinaongeza dau ili usiondoke. Hata mwanamke alipoileta barua hiyo, uwezekano wa chuo kumng'ang'ania ulikuwa mdogo kuliko kwa mwanamume. Tuzo nazo zinategemea mtu wa idara kukaa na kuandika pendekezo la jina lako. Asipokufikiria, hupati, na hakuna faili litakaloonyesha kwamba ulinyimwa.

Na hawakuwa watu wa kawaida. Mildred Dresselhaus, mmoja wa wale 16, alikuwa ameshapewa Nishani ya Taifa ya Sayansi mwaka 1990. Ann Graybiel, JoAnne Stubbe na Sallie Chisholm walikuja kuipata baadaye. Marcia McNutt alikuja kuwa rais wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani mwaka 2016. Hopkins mwenyewe, alipopata matangi yake, alitambua mamia ya jeni zinazohitajika ili samaki akue kutoka yai. Kama hao ndio waliokuwa hawaulizwi kwenye vikao, suala la uwezo linaweza kuwekwa kando.

Marekebisho yaliyotangulia ripoti

Ripoti ya kwanza ilikabidhiwa kwa mkuu wa kitivo Agosti 1996, ikarekebishwa 1997 na 1998. Yote hiyo ilikuwa siri. Lakini Birgeneau hakusubiri. Tofauti za mishahara zilirekebishwa, nafasi zikaongezwa, maabara zikakarabatiwa, hata pensheni za baadhi ya wanawake waliokuwa karibu na kustaafu zikaangaliwa, kwa kuwa mshahara uliopunjwa kwa miaka 20 unaendelea kukupunja ukiwa nyumbani. Kwenye ajira aliwabana wakuu wa idara wamweleze walitafuta wapi na walimwacha nani. Kufikia karibu na mwaka 2000 wanawake walikuwa wamepanda kutoka 22 hadi kama 31, na kwa mara ya kwanza walizidi asilimia 10 ya walimu wa kitivo.

Nafahamu kamati ambazo zilipendekeza mambo 40. Hii ilipendekeza machache: uchunguzi wa aina hii uendelee, wanawake wawekwe katika nafasi za maamuzi, malipo na rasilimali vipitiwe upya mara kwa mara, likizo ya uzazi iwe na utaratibu mmoja unaojulikana badala ya kutegemea huruma ya mkuu wa idara, na malezi ya watoto yafikiriwe. Kila jambo lilikuwa na mtu wa kulifanya. Ukisoma pendekezo la kamati na usione ni nani atakayeulizwa mwakani, jua limeandikwa ili kikao kiishe.

Lotte Bailyn, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la wahadhiri, alisukuma ripoti itoke hadharani, na toleo fupi likaandaliwa kwa ajili ya jarida la ndani. Vest angeweza kulizuia. Wanasheria wa taasisi yoyote wangemshauri hivyo, maana kukiri ubaguzi kwa maandishi ni kumwandikia mlalamikaji hati ya mashtaka. Yeye akaongeza maneno yake mwanzoni mwa ripoti. Alieleza kwamba siku zote aliamini ubaguzi wa kijinsia vyuoni ni sehemu uhalisia na sehemu mtazamo wa watu, na kwamba sasa ameelewa kuwa uhalisia ndio sehemu kubwa zaidi kwa mbali. Magazeti yalikimbilia sentensi hiyo. Wanawake kulalamika haikuwa habari; rais wa MIT kukubali ndiyo ilikuwa habari.

Waliopinga walikuwa na hoja

Haitakuwa haki kukimbia upinzani. Judith Kleinfeld, profesa wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Alaska, aliishambulia ripoti hiyo vikali. Hoja zake kuu zilikuwa mbili. Kwanza, aliyelalamika ndiye aliyeongoza kamati, na wajumbe wengi walikuwa wenye maslahi. Kwa Kiswahili tungesema kesi ya nyani, hakimu ngedere. Pili, takwimu zenyewe hazikuchapishwa. Msomaji aliambiwa kuna tofauti za mishahara na nafasi lakini hakuonyeshwa jedwali, na pasipo jedwali hawezi kuangalia kama tofauti hizo zinaelezwa na idadi ya machapisho, ukubwa wa ruzuku au miaka ya kazi.

Hoja ya pili ina nguvu, na utetezi wake una nguvu pia. Walikuwa wanawake 15 katika idara sita. Ukichapa wastani wa mshahara wa wanawake katika idara yenye mwanamke mmoja au wawili, umechapa mshahara wa fulani, na kesho yake kila mwanafunzi anaujua. Uchunguzi wa watu wachache hauwezi kuwa wazi kabisa bila kuwavua nguo. Hata hivyo nadhani MIT ingeweza kufanya zaidi: ingeruhusu watu wawili au watatu wa nje, wanaoaminika pande zote, wapitie faili za siri na kuthibitisha au kukanusha. Hilo lisingemtaja mtu na lingepunguza kelele. Kamati zetu nazo hupenda kugonga muhuri wa "siri" kila mahali, na mara nyingi siri hiyo inamlinda aliyegawa kuliko aliyepunjwa. Tofauti ya MIT ni kwamba aliyegawa alikuwa ameshajirekebisha.

Hoja ya kwanza sikubaliani nayo sana. Kamati ya watu wasiohusika kabisa ingeteuliwa na nani, na ingejua vipi pa kuangalia? Mtu wa nje asingepima sakafu usiku. Isitoshe, wale wanaume watatu waliwekwa humo, na matokeo yalipita kwa mkuu wa kitivo ambaye hakuwa na faida yoyote katika kukubali kwamba kitivo chake kina kasoro.

Baada ya Birgeneau

Mwaka 2000 Birgeneau aliondoka kwenda kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Toronto. Mwaka 2004 akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kasi ya kuajiri wanawake katika Sayansi ikasimama. Hopkins aliandika kuhusu hilo mwaka 2006, akionyesha jinsi mstari wa idadi ya wanawake ulivyopanda kwa ghafla katika miaka ya mwisho ya Birgeneau na kulala baada yake. Ripoti ilikuwepo ileile, mapendekezo yaleyale, tena wakati huo yakijulikana dunia nzima. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza kila mwaka kwa nini orodha ya wanaopendekezwa kuajiriwa haina mwanamke.

Si kwamba hakuna kilichobaki. Mwaka 2000 MIT iliunda baraza la kusimamia uwiano wa walimu. Januari 2001 viongozi wa vyuo 9, wakiwemo wa Harvard, Stanford, Princeton na Yale, walikutana MIT na kukubaliana kuangalia hali zao. Vitivo vingine vya MIT viliunda kamati zao, na ripoti zao zikatolewa 2002. Likizo ya uzazi ikapata utaratibu, mzazi akaongezewa mwaka kabla ya kutathminiwa kwa ajira ya kudumu, na jengo la Stata lilipofunguliwa 2004 lilikuwa na kituo cha kulelea watoto. Mambo yaliyoingizwa kwenye kanuni yaliendelea hata viongozi walipobadilika. Yaliyotegemea mtu kubana watu yalisita mpaka akapatikana mwingine wa kubana.

Mwaka 2011 ikatoka ripoti ya ufuatiliaji, safari hii ya Sayansi na Uhandisi pamoja. Wanawake wa Sayansi walikuwa wamefika 52 kutoka 30 hivi mwanzoni mwa muongo, wa Uhandisi 60 kutoka 32. Waliohojiwa walisema maisha yamekuwa bora sana kuliko ya wakubwa zao. Kisha wakataja mapya. Baadhi walisikia ikisemwa kwamba waliajiriwa kwa sababu ni wanawake, kwamba vigezo vilishushwa, na waliyasikia hata kutoka kwa wanafunzi. Walitakiwa wawe wakali kiasi, lakini wasizidi. Na lililonivutia zaidi ni hili: ripoti ya 1999 ilitaka wanawake waingizwe katika kamati za maamuzi. Chuo kikatii. Kila kamati ikataka mwanamke walau mmoja, na kwa kuwa walikuwa bado wachache, kila mmoja akajikuta kwenye kamati nyingi kuliko mwanamume wa daraja lake, saa zikitoka kwenye maabara ileile ambayo mama zao wa kitaaluma waliipigania kwa tepu.

Ripoti ya 2011 ililitaja tatizo hilo, lakini dawa yake ya haraka hakuna. Ukiwapunguzia wanawake kamati, maamuzi yanarudi mikononi mwa walewale. Ukiwaacha, utafiti wao unalipa gharama. Njia iliyobaki ni kuongeza idadi yao mpaka kuwa mwanamke kikaoni kusiwe sifa ya kuteuliwa, na hiyo inarudi kwenye ajira, idara kwa idara, nafasi kwa nafasi, ambako mkuu wa kitivo ndiye anayesaini.